Saa ya Kucheza, Saa ya Daftari na Dumu la Maji

Somo la leo linataka kalamu na karatasi. Kama karatasi hakuna, chukua kipande cha mkaa uandike nyuma ya mlango wa jiko. Tutapiga hesabu za kujumlisha na kutoa, zile zile tulizojifunza kisomoni. Lakini safari hii hatuhesabu debe za maharage wala mikungu ya ndizi. Tunahesabu saa za mtoto.

Kwa nini tuhesabu saa za mtoto? Kwa sababu kila tunapokaa na vikundi vya kisomo, iwe Rusumo, iwe Kasulo, iwe Nyakahura kule Biharamulo, swali hili hutoka. Mzazi anasema, "Mtoto wangu yuko darasa la nne, hajui kusoma sawasawa. Tufanyeje?" Hapo majibu huwa mengi. Mmoja atasema walimu ni wachache. Mwingine atasema watoto wa siku hizi hawasikii. Na wengi watamalizia, "Wanacheza mno!" Vichwa vyote vinatikisika kukubali.

Sasa sisi tunasema, ngoja kwanza. Je, ni kweli wanacheza mno? Mwenye duka hawezi kujua kama amepata hasara kabla hajafungua daftari la mauzo. Basi na sisi tufungue daftari.

SIKU MOJA YA MTOTO

Tuchukue mtoto wa kike wa miaka 10, yuko darasa la nne. Hatumsemi mtoto wa mtu. Huu ni mfano tu, lakini tunadhani wengi mtamtambua. Kwao wanalima migomba, maharage na kahawa kidogo. Wana mbuzi wachache. Maji yako bondeni. Shule iko mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto. Ana mdogo wake ambaye bado anabebwa mgongoni.

Saa 11 alfajiri anaamshwa. Anachukua dumu, anakwenda bondeni. Saa 12 amerudi. Anafagia uwanja, anawatoa mbuzi na kuwafunga kwenye majani. Saa 12 na nusu anashika njia ya shule. Saa 1 na nusu yuko mstarini. Saa 9 na nusu alasiri wanaachiliwa, saa 10 na nusu amefika nyumbani. Hajakaa. Anatafuta kuni, anakata majani ya mbuzi, anarudi tena bondeni. Saa 12 na nusu jioni anaingia jikoni. Anaosha vyombo, anamenya ndizi, mdogo wake yuko mgongoni. Saa 2 usiku wanakula. Saa 2 na nusu anakumbuka daftari. Anakaa karibu na koroboi au tochi, anaandika huku anasinzia. Saa 3 na nusu anaosha miguu, anatandika. Saa 4 analala.

Sasa andika orodha. Tunaposema "saa 2" katika orodha hii, maana yake ni muda wa saa mbili, siyo saa 2 ya asubuhi au ya usiku.

Maji ya alfajiri: saa 1
Kufagia na kutoa mbuzi: nusu saa
Njia ya shule, kwenda na kurudi: saa 2
Shuleni: saa 8
Kuni, majani ya mbuzi na maji ya jioni: saa 2
Jikoni na kubeba mtoto: saa 1 na nusu
Kula: nusu saa
Mazoezi ya shule: saa 1
Kunawa na kutandika: nusu saa
Kulala: saa 7
Jumla: saa 24

Jumlisha mwenyewe uone kama tumekosea. Halafu tafuta neno "kucheza" katika orodha hiyo. Halipo. Siku nzima imekwisha na mtoto hakupewa hata dakika 10 za kucheza nyumbani. Shuleni yapo mapumziko, hilo tunakubali, lakini mapumziko hayo ndiyo hayo hayo ya kunywa maji na kwenda chooni.

Tazama na usingizi. Mtoto wa umri huo anahitaji kulala saa 9 au zaidi kila usiku. Huyu amepata 7. Akisinzia darasani tunasema mvivu.

MTOTO ASIYEPEWA SAA ATAIIBA

Je, ina maana mtoto huyu hachezi kabisa? Hapana. Anacheza. Ila anaiba.

Anaiba kule bondeni. Akifika majini anawakuta wenzake, dumu linawekwa chini, wanaanza mdako au kuruka kamba. Nusu saa inapita, saa inapita. Mama huku anasubiri maji, sufuria iko mekoni. Mtoto akirudi anakuta fimbo. Anaiba tena wakati wa daftari, kwa sababu daftari halipigi kelele kama sufuria. Ndiyo maana mzazi anaona kucheza tu. Anachokiona ni kweli, lakini anaona wizi, haoni kwamba mtoto hakuwa na chake.

Watoto wa kiume nao wana wizi wao. Mvulana aliyepewa mbuzi wa kuchunga ana nafasi kuliko dada yake. Huko malishoni wanapiga mpira wa maganda makavu ya mgomba, wanawinda ndege, siku inakwisha. Taabu inakuja mbuzi wanapoingia katika maharage ya jirani. Kesi ngapi za namna hiyo zimefika kwa mwenyekiti wa kitongoji? Mzee mmoja katika kikundi alituambia kwamba katika maisha yake amelipa faini za mbuzi kuliko alivyowahi kuuza mbuzi. Watu walicheka sana, na yeye mwenyewe alicheka.

Lakini tusipite haraka hapa. Kaka anacheza huku akichunga. Dada hachezi, maana huwezi kuruka kamba na mtoto mgongoni. Ukihesabu saa za kaka na saa za dada katika nyumba moja utaona tofauti kubwa. Halafu wote wawili wanakaa chumba kimoja cha mtihani, na karatasi ya mtihani haiulizi nani alibeba mdogo wake.

"KAZI YA NYUMBANI" NI KAZI GANI?

Kuna jambo dogo la lugha linaloleta taabu kubwa. Mwalimu anaandika ubaoni: Kazi ya nyumbani. Yeye ana maana ya hesabu kumi za kufanya kwenye daftari. Mtoto akifika kwao akasema, "Mama, nina kazi ya nyumbani," mama anajibu, "Vizuri sana, kuni hakuna, anza na hizo." Wote wametumia maneno yale yale.

Katika somo hili tutaita kazi ya daftari "mazoezi ya shule", na kazi ya maji, kuni na jikoni tutaiita "kazi za nyumba". Na nyumbani kwako mwambie mtoto aseme hivyo hivyo. Akisema "Nina mazoezi ya shule," kila mtu ataelewa.

SHERIA INASEMAJE?

Wengine wanadhani kucheza ni anasa ya watoto wa mjini. Sivyo. Nchi yetu ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, mahali pa kulala, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, na uhuru. Halafu inaongeza haki ya kucheza na kupumzika. Yaani kucheza kumeandikwa katika orodha moja na chakula. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na kifungu chake cha 31 kinataja mapumziko na michezo. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1991.

Mzazi asiogope kwamba sheria imemgeuza mtoto kuwa bosi wa nyumba. Sheria hiyo hiyo ya 2009 inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa na awasaidie panapokuwa na haja. Kwa hiyo kazi za nyumba hazijafutwa. Mtoto wa kijijini asiyejua kushika jembe atapata shida mbele. Sisi wenyewe tulilelewa kwa dumu na jembe. Ubishi wetu uko kwenye kipimo. Kazi za nyumba za mtoto wetu wa mfano zilikuwa saa 5 kwa siku: 1, na nusu, na 2, na 1 na nusu. Saa 5 baada ya saa 8 za shule na saa 2 za njia, hizo ni saa 15. Mtu mzima gani hapa anafanya kazi saa 15 akabaki anaelewa hesabu za kugawanya?

MCHEZO UNAFUNDISHA NINI?

Angalia watoto wanaocheza bao kwenye vishimo vya udongo. Mtoto anatazama shimo lenye kete 5, anajua kabla hajaanza kugawa kwamba kete ya mwisho itaangukia wapi. Hiyo ni hesabu ya kichwani. Wazee wanaokaa chini ya mti na bao lao wanajua uzito wa mchezo huu. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliupenda, na hakuna aliyesema alikuwa anapoteza muda.

Angalia mtoto anayetengeneza gari la waya. Lazima magurudumu ya mbele yalingane, lazima usukani uvute pande zote mbili. Akikosea kipimo gari linakwenda upande. Anafungua, anapima, anafunga tena. Fundi baiskeli wa gulioni alianzia hapo. Jirani zetu wa Goma, kule Kongo, wana baiskeli ya mbao wanayoiita chukudu, inabeba magunia ya viazi na mkaa, watu wazima wanaendeshea maisha. Mji huo umeisimamishia sanamu. Ukiitazama chukudu utaona ni ndugu wa ile baiskeli ya mti ambayo watoto wetu wanateremka nayo mlimani na kuchubuka magoti.

Mtoto wa kike anayetengeneza mwanasesere kwa gunzi la mahindi na kitambaa, akambeba, akamwimbia, akamwambia "usilie, mama anakuja", huyo anajifunza kupanga maneno. Wanaocheza duka kwa majani kuwa ndiyo noti wanajifunza chenji. Wanaocheza kombolela wanahesabu mpaka 20 na kurudi nyuma. Na katika rede mtoto anajifunza kukubali kwamba ametolewa. Hilo la mwisho, tukisema kweli, wapo watu wazima wengi kwenye mikutano ya kijiji ambao hawakulijifunza.

Kwa hiyo usijisikie vibaya kama huna fedha ya kununua vichezeo vya dukani. Vile vya plastiki vinavyouzwa Benaco na kwenye magulio ni vizuri kwa macho, ila vingi havimalizi mwezi. Waya, gunzi, kamba ya mgomba, udongo wa mfinyanzi na vizibo vya chupa vinatosha. Mtoto akitengeneza mwenyewe anapata mara mbili: anapata kichezeo na anapata ufundi.

Simu je? Siku hizi hata vijijini simu kubwa zimefika, na watoto wanajua kuzifungua kuliko sisi. Kuna vibanda vya video pia katika miji midogo ya barabarani. Hatusemi ni dhambi. Tunasema mtoto anayetazama simu saa mbili amekaa tu, hajakimbia, hajahesabu, hajaongea na mwenzake. Simu isihesabiwe katika saa ya kucheza. Na chaji yenyewe ni ya kulipia!

CHUMA USICHOKIJUA

Sasa tunafika mahali pa kusoma polepole.

Watoto wetu wanatafuta vichezeo na vyuma vya kuuza popote: njiani, mashambani, vichakani. Wilaya yetu iko mpakani. Mwaka 1994 vita na mauaji ya Rwanda yaliwaleta watu wengi sana kupitia daraja la Rusumo. Mwishoni mwa mwezi Aprili mwaka ule, watu wanaokaribia 250,000 walivuka katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikajaa. Wakati wa vita, silaha hupita na watu.

Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, hapa hapa wilayani Ngara, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka kati ya wanafunzi. Wanafunzi 5 walikufa. Wengine zaidi ya 40 waliumia. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba mtoto alikiokota kitu kile akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Walikuwa watoto wa shule, mfano wa wako na wa kwetu.

Hatuyaandiki haya kumtisha mtu. Tunaandika kwa sababu mzazi anayejua mtoto wake anachezea nini na wapi anaweza kumkinga, na yule ambaye mtoto wake anacheza kwa wizi hawezi. Mtoto anayejua atachapwa akionekana anacheza atakwenda kuchezea mbali, mahali ambapo mtu mzima hamwoni. Akiokota kitu hatakuonyesha.

Mfundishe mtoto wako hivi, na umwambie arudie kwa mdomo wake. Akiona chuma asichokijua, chenye umbo la yai, la chupa au la bomba, asikiguse. Asikirushie mawe wala asikitie motoni. Akumbuke mahali kilipo, aondoke kwa njia ile ile aliyojia, na amwambie mtu mzima. Mtu mzima naye asikiguse. Awazuie watu wasisogee, amwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na polisi waitwe. Na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita vijijini wasinunue chuma kwa mtoto. Kijiji kinaweza kuamua hilo katika mkutano mmoja tu.

Hatari nyingine mnazijua. Barabara kuu ya kutoka Lusahunga kwenda Rusumo ina malori mchana na usiku, na mtoto anayeendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti hana breki. Mto Kagera una mamba na viboko. Manati inatoboa jicho. Kwa sababu hizo kitongoji kinahitaji kiwanja kidogo mbali na barabara na mto, kisichohitaji fedha. Kipande cha ardhi nyuma ya nyumba za watu watatu, mahali ambapo bibi mmoja anayepepeta maharage anaweza kuona watoto wote, kinatosha.

SAA ZITATOKA WAPI?

Msomaji atasema, "Mnatuambia tumpe mtoto saa ya kucheza. Siku haiongezeki. Saa hiyo tunaitoa wapi?" Swali zuri. Siku ni saa 24 kwa tajiri na kwa maskini. Kwa hiyo hatuongezi, tunahamisha.

Tuanze na jua, kwa sababu jua ni bure. Sisi tuko magharibi kabisa ya nchi. Huku jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 usiku. Dar es Salaam hulitangulia jua letu kwa zaidi ya nusu saa. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, saa ya mkononi unairudisha nyuma kwa saa moja, ingawa jua ni lile lile. Maana yake nini? Mtoto anayetumwa maji saa 11 alfajiri huku kwetu anakwenda gizani kabisa, tena mtoto wa kike, peke yake. Jambo hili halifai hata kidogo. Lakini jioni tunayo faida. Mtoto akifika saa 10 na nusu, bado ana saa 2 na nusu za mwanga. Mazoezi ya shule yafanyike katika mwanga huo. Daftari lije kwanza, koroboi ipumzike. Mafuta utayaokoa na macho ya mtoto utayaokoa.

Sasa maji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Mtoto wetu wa miaka 10 anaweza kuwa na kilo 30 au pungufu. Yaani anabeba kichwani zaidi ya nusu ya mwili wake, na anapanda nao mlima. Mpe dumu la lita 10 au la lita 5. Baiskeli moja inabeba madumu 4 ya lita 20 kwa safari moja. Na baiskeli hiyo mara nyingi iko wapi jioni? Imeegemezwa kilabuni. Tusichukiane, tunahesabu tu.

Kama una paa la bati, mvua inakuletea maji mpaka mlangoni. Fanya hesabu hii. Bati lililofunika eneo la mita za mraba 10, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linateremsha lita 100. Sehemu kidogo itapotea, lakini nyingi utaipata ukiweka mfereji wa bati au hata wa mti uliopasuliwa, na pipa lenye kifuniko chini. Wakati wa mvua, safari za bondeni zinaweza kupungua nusu.

Kuni zitafutwe Jumamosi kwa wiki nzima, watu wote wa nyumba waende, siyo mtoto peke yake kila jioni. Majani ya mbuzi yakatwe na yule anayetoka shamba mchana. Mdogo anayebebwa, kaka naye ana mgongo.

Tukihamisha hivyo, siku ya mtoto wetu inaweza kuwa hivi:

Kulala, saa 2 na nusu usiku mpaka saa 11 na nusu alfajiri: saa 9
Kunawa, kufagia ndani, kunywa uji: saa 1
Njia, kwenda na kurudi: saa 2
Shuleni: saa 8
Maji, dumu dogo, safari moja, pamoja na wenzake: dakika 45
Mazoezi ya shule kwa mwanga wa jua: dakika 45
Kucheza, saa 12 mpaka saa 1: saa 1
Kuingiza mbuzi na kusaidia jikoni: saa 1
Kula na mazungumzo: nusu saa
Jumla: saa 24

Kazi za nyumba hazikufutwa. Anafagia, anachota maji, anaingiza mbuzi, anasaidia kupika. Kutoka saa 5 zimebaki saa 2 na robo. Mazoezi yamepungua dakika 15, lakini anayafanya akiwa macho.

Ratiba hii haitakaa sawa kila siku. Kahawa ikiiva kila mkono unahitajika, na maharage yakikauka huwezi kuyaambia yasubiri. Siku hizo saa ya kucheza iwe nusu saa, na umwambie mtoto kabla, "Wiki hii tuna mavuno, wiki ijayo utarudishiwa." Halafu umrudishie kweli. Ila siku ya shule isikatwe kwa ajili ya mavuno. Ada ya shule ya msingi ya serikali imefutwa, lakini somo lililokosekana halirudishwi na mtu.

Kuna mama mjane aliyetuuliza, "Na mimi niliye peke yangu, ninahamishia kwa nani?" Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutaki kumdanganya mtu. Kwake ni vigumu zaidi. Wenzake katika kikundi ndio walioshauri kwamba nyumba nne za majirani wapeane zamu: siku moja mtoto wa nyumba hii anabaki na wadogo wote, siku nyingine mwingine, na maji wanakwenda pamoja. Kwa mpango huo kila mtoto anakosa kucheza siku moja katika siku nne. Ni nafuu kuliko kukosa zote nne.

WEWE ULIYEHITIMU KISOMO

Wazazi wengi wanaogopa daftari la mtoto. Wanasema, "Mimi nimejua kusoma juzi tu, nitamsaidia nini wa darasa la nne?" Utamsaidia sana. Mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti wakati wewe unachambua mboga. Akikwama, soma naye herufi kwa herufi, hata kama mnakwenda polepole wote wawili. Muulize, "Hapo wamesema nini?" Mtoto anayemweleza mama yake hadithi aliyosoma ameshaielewa. Tazama tarehe ya leo katika daftari. Kama hakuna kilichoandikwa, muulize kwa upole, usianze na fimbo. Na ukiona alama ya kosa, usiseme "mjinga wewe". Sema, "Tufanye tena." Baba naye asiseme hiyo ni kazi ya mama. Baadhi ya watoto husoma kwa bidii zaidi mbele ya baba, pengine kwa mshangao wa kumwona amekaa nyumbani.

Daftari likimalizika, mwache aende kwenye mchezo. Usimwongezee kazi kwa kuwa amewahi kumaliza. Mtoto akiona kuwahi kunaleta dumu jingine, kesho atachelewa makusudi. Ni akili ya kawaida hiyo, hata vibarua wanayo.

MAZOEZI YA MSOMAJI

1. Andika siku moja ya mtoto wako, tangu kuamka mpaka kulala. Jumla lazima iwe saa 24. Kama una mtoto wa kike na wa kiume, andika mbili, uziweke kando kwa kando.

2. Bati la nyumba yako limefunika mita za mraba 30. Mvua ya milimita 10 imenyesha. Umepata lita ngapi, kama hakuna zilizopotea? Ni madumu mangapi ya lita 20?

3. Nyumba nne zimepeana zamu ya kulea wadogo. Katika siku 20, kila mtoto atalea siku ngapi, na atacheza siku ngapi?

4. Zungumzeni katika kikundi: kitongojini kwenu kiwanja cha watoto kinaweza kuwa wapi? Nani anakaa karibu na anaweza kuwatazama? Andikeni uamuzi wenu katika daftari la kikundi na mumpelekee mwenyekiti.

Majibu ya swali la 2: lita 300, madumu 15. Majibu ya swali la 3: atalea siku 5, atacheza siku 15.